Chumvichumvi ya Asubuhi na ya Jioni

Kijiji cha Tumaini,
kwa njia ya stesheni ya Usoke,
20 Septemba 1975

Yahaya mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Nimekaa juu ya gunia tupu, mgongo ukutani, koo imenikauka kwa saumu, nikaona bora niongee na wewe kuliko kukaa nikilichungulia jua. Mama yupo kule Ng'ambo, Tabora mjini, hajambo, ila jicho la kushoto bado lina ukungu. Kila akipata msafiri wa treni ananitumia kahawa pamoja na swali lake: Yahaya ameandika? Namjibu ameandika, anasalimia sana. Mwenyezi Mungu anisamehe, nadanganya mchana wa Ramadhani kwa ajili ya mwalimu mzima mwenye kabati la karatasi.

Sikuzani mkeo na watoto hawajambo? Nibusie yule mdogo niliyemwacha ana meno mawili.

Najua ulicheka nilipohama mjini kuja kijiji cha ujamaa. Uliandika kwamba mjane wa Tabora mwenye miaka arobaini na sita hana cha kulima ila upepo. Sawa. Upepo nimeulima na umeota. Nina nyumba ya vyumba viwili, kuta zimenyooka kuliko za nyumba ya mama, na watu wananiita Bi Mwanajuma kwa heshima. Mwaka huu kamati imenikabidhi mimi vitalu vya tumbaku, kumi na viwili, nivitunze mpaka miche ihamishwe shambani mvua zikianza. Elewa hapo: kijiji kizima hakina tumbaku nyingine ila hiyo iliyo mikononi mwangu.

Na sasa inanifia. Jambo lenyewe ni la ajabu. Udongo umelowa, ukiutia kidole unanata, lakini miche imelala chini kama imeoteshwa juu ya bati. Kingo za majani zimeungua, rangi ya kahawia. Nimwagie maji, inalala. Nisimwagie, inalala.

Tunaye bwana shamba, anaitwa Damas. Suruali yake ina mkunjo kama wembe, na kalamu mbili mfukoni ambazo sijawahi kuziona zikitoa wino. Alikuja na baiskeli, akasimama njiani ili asichafue viatu, akatazama vitalu kutoka kule kule, akasema, "Ugonjwa." Nikamuuliza ugonjwa gani. Akasema, "Mama, ugonjwa ni ugonjwa." Akaondoka. Huyo ndiye mtaalamu tuliyepewa.

Mtu wa maana hapa ni jirani yangu Apolinaria, Mkatoliki, mke wa fundi seremala. Tangu mwezi uandame ananionea huruma. Ananiletea kuni, ananitekea maji ya futari, anasema, "Bi Mwanajuma, wewe pumzika, unamfungia Mungu huyo huyo wa kwetu." Zamu ya kumwagilia jioni ni yake. Mimi kazi yangu ni ile mbolea ya chumvichumvi, kuikoroga ndani ya keni ya kumwagilia na kuinyunyizia Jumatatu na Alhamisi.

Sasa wewe unayefundisha habari za viumbe hai kwa watoto wa sekondari, na uliyesomeshwa kwa cherehani ya marehemu baba, nijibu: mche unakufaje kwa kiu ukiwa ndani ya maji?

Ni mimi dada yako,
Mwanajuma binti Mabruki


Songea,
6 Oktoba 1975

Dada Mwanajuma,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta jana, imepigwa mihuri mitatu ya posta na imenukia tumbaku. Kesho panapo majaliwa ni Idi, nakutakia yenye heri. Sikuzani hajambo, watoto hawajambo, yule mdogo sasa ana meno ya kutosha kuuma wenzake. Mkuu wetu wa shule anastaafu mwisho wa mwaka, na jina langu ni moja kati ya mawili yaliyopelekwa juu. Usimwambie mama bado.

Swali lako nimelisoma darasani, wanafunzi wakacheka sana. Si kwa ubaya. Ila jamani, dada, nchi ina miaka kumi na minne ya uhuru na bado watu wanasimama mbele ya mmea wakishangaa kama wameona jini.

Nisikilize taratibu. Kila kiumbe hai, mche, mbuzi, wewe, mimi, hata huyo Damas wako, kimejengwa kwa vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, tunaviita chembe hai au seli. Kila chembe imezungukwa na utando. Utando huo ni mwembamba kupita kiasi, ukipanga elfu kadhaa hujafikia unene wa karatasi hii. Lakini uhai wote umo ndani yake. Ukipasuka, chembe imekufa.

Umejengwaje? Unakumbuka babu Shaban alipotuhadithia safari za upagazi kwenda Ujiji? Alisema usiku wapagazi walilala safu mbili, nyayo kwa nyayo, moto katikati, vichwa nje kwenye umande. Basi utando ni hivyo hivyo. Ni chembechembe za mafuta, safu mbili. Kila moja ina kichwa kinachopenda maji na miguu inayoyaogopa. Vichwa vinaelekea nje na ndani kwenye majimaji, miguu inafichana katikati, pakavu. Na hawajafungwa kamba. Wanajigeuza na kusogeana usiku kucha, lakini safu haivunjiki.

Kati ya safu hizo kuna milango, imejengwa kwa protini. Hapo kumbuka watemi wa njiani na ushuru wao wa hongo. Maji hupita bila kuulizwa, kama mpita njia asiye na mzigo. Chumvi husimamishwa. Ile ambayo mmea unaihitaji huingizwa kwa mlango wake, na nyingine mmea huivuta kwa kutumia nguvu zake wenyewe, yaani hulipia. Isiyotakiwa hukaa nje.

Sasa sikia shauri lenyewe. Maji huelekea upande wenye chumvi nyingi. Udongo ukiwa na chumvi kidogo kuliko ndani ya mzizi, maji huingia na mche husimama. Chumvi ikizidi nje, maji yanatoka ndani ya mzizi kwenda udongoni, utando unajikunyata ndani ya ukuta wa chembe kama mtu aliyevuta shuka, na mche unalala. Udongo wako una maji, ndiyo, lakini mche hauwezi kuyachukua. Unanyang'anywa hata yale uliyokuwa nayo.

Kwa hiyo ni chumvichumvi imezidi. Hakuna ugonjwa na hakuna ajabu yoyote. Kidato cha tatu wanalijua hili.

Wako mtiifu,
Yahaya


Tumaini,
19 Oktoba 1975

Yahaya,

Marahaba. Habari za mama ni njema, analetewa chai na binti wa jirani, anakaa barazani, jicho limepoa kidogo kwa dawa ya hospitali. Idi nilisali hapa na wanawake wanne, tukala wali na nyama ya mbuzi. Shukrani kwa Mola.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kurasa nne. Safu za wapagazi, nimezipenda, nikamwona babu kabisa na kikohozi chake. Utando nimeuelewa, maana si wewe uliyeuvumbua. Mimi nimeuona utando wa yai tangu sijajua kusoma, ule mweupe chini ya ganda, na nilijua kifaranga hupumua humo. Wanafunzi wako wacheke tu. Wengi wao hawajawahi kumwagilia hata bustani ya mchicha.

Lakini nimetafuta neno moja ndani ya kurasa nne sikuliona. Nifanye nini? Nimegeuza karatasi nyuma, tupu. Ukaniambia mche unanyang'anywa maji, ukatia sahihi, ukaenda kula pilau ya Idi.

Miche ilikwisha kufa tarehe mbili. Vitalu vyote kumi na viwili. Najua barua yako ingechelewa kwa vyovyote. Ingechelewa, lakini ingekuwa imeandikwa.

Sasa kaa vizuri usikie. Damas amerudi, safari hii na viatu vyake vya matope, maana amepata habari kwamba wakubwa wa mkoa watauliza. Akaitisha kamati akasema huu si ugonjwa tena, ni hujuma. Neno hilo wanalisikia redioni, limewakaa mdomoni kama karanga. Akauliza nani anaingia vitaluni. Mmoja akasema amemwona Bi Mwanajuma alfajiri, giza bado, anatembea kati ya vitalu akinong'ona. Yahaya, nilikuwa ninaleta uradi! Nimekunywa maji ya daku, nimesali alfajiri, nimechukua keni yangu nikaenda kutia chumvichumvi kabla jua halijanikausha, na ulimi wangu ukimtaja Mungu. Kwa mwezi mzima nilibadilisha kazi yangu kutoka jioni nikaifanya alfajiri, kwa sababu ya saumu. Sasa mchana wanasema hujuma, na kisimani wanasema uchawi. Wanawake niliowafundisha kuandika majina yao wananipisha njia kwa mbali.

Nimeondolewa vitaluni. Wamesia mbegu upya, imechelewa, na mimi siruhusiwi kukanyaga. Kesi itasikilizwa tarehe 22 Novemba mbele ya mwenyekiti, Mzee Ngollo. Nikishindwa, nyumba nitaiacha na nitapelekwa polisi kwa kuharibu mali ya kijiji. Nitarudi Ng'ambo nikiwa mhujumu na mchawi, nikalale chumba kimoja na mama akiniuliza kama umeandika.

Hata Apolinaria sijamwona mlangoni kwangu tangu miche ilipokufa. Mwezi mzima kuni, leo hata salamu. Huruma yake nayo ilikuwa ya msimu.

Nataka kitu kimoja. Chukua karatasi ya shule, andika yale yale uliyoniandikia, lakini mafupi: kwamba chumvi ikizidi mche hufa, si uchawi wala hujuma. Tia sahihi. Piga muhuri. Mtumie Mzee Ngollo. Hawa watu wanaogopa muhuri kuliko siku ya kiyama.

Dada yako,
Mwanajuma


Songea,
3 Novemba 1975

Dada yangu,

Shikamoo. Sisi wazima. Sikuzani anakupa pole nyingi, amelia. Mvua hapa zimeanza mapema.

Nimesikitika. Na ni kweli, nilipaswa kuandika: mwaga maji mengi, mengi sana, yasukume chumvi chini mbali na mizizi. Nililijua. Sijui kwa nini sikuliandika. Labda niliona ni jambo dogo mno.

Nimekaa nikapiga hesabu ya mbolea yenu kwa vipimo ulivyonieleza mwaka jana. Nusu bakuli kwa keni moja, mara mbili kwa wiki, haiwezi kuua mche. Ingepasa iwe mara mbili ya hiyo, kwa wiki mbili au tatu. Kwa hiyo, dada, kuna mtu mwingine aliyekuwa anatia. Ni nani? Nani mwingine anashika keni?

Unaweza kuwaonyesha kwa kiazi mbatata. Kikate vipande viwili, kimoja ndani ya maji matupu, kingine ndani ya maji ya chumvi. Baada ya saa chache cha kwanza kitakuwa kigumu, cha pili kitapindika kama ulimi. Utando ndio unaofanya hivyo. Hata watu wa huko hawawezi kubishana na kiazi.

Kuhusu barua ya muhuri, hebu tufikiri kwa utulivu. Mimi si mtu wa kilimo. Mwalimu kumpinga mtaalamu wa serikali kwa karatasi ya shule, wakati huu, na maneno haya ya hujuma, inaweza kueleweka vibaya. Nadhani maelezo yako mwenyewe yatatosha. Wewe una ulimi.

Wako,
Yahaya


Tumaini,
14 Novemba 1975

Yahaya,

Salaam. Mama hajambo.

Kiazi mbatata hapa hakuna. Hilo ungelijua kama ungewahi kufika. Ila usijali, kazi ya kiazi imefanywa na kitunguu. Juzi nilikuwa nakata kachumbari. Nikakichambua kitunguu, nikakitia chumvi nikifinye, kama mama alivyotufundisha, ili ukali utoke. Nikakiweka pembeni nikawasha moto. Niliporudi, bakuli lina maji na kitunguu kimelala tepetepe. Nikasimama nacho mkononi kama mjinga. Miaka thelathini na mitano nafanya hivyo, na sikuwahi kujiuliza yale maji yanatoka wapi. Na jinsi kilivyolala, Yahaya, ndivyo ilivyolala miche yangu.

Apolinaria alikuwa amekuja siku hiyo, mara ya kwanza tangu miche ife. Aliona bakuli. Nikamweleza, yule anasikiliza. Hayo yatosha.

Swali lako la nani anashika keni sitalijibu. Usiniulize tena.

Na hilo la muhuri nimelielewa. Uliandika mwezi wa kumi kwamba majina mawili yamepelekwa juu. Ukafikiri sikulisoma. Una utando mzuri sana, ndugu yangu, unajua cha kuzuia na cha kuingiza. Hofu ya cheo imepita bila kuulizwa. Dada yako amesimamishwa mlangoni.

Nitakwenda mwenyewe.

Mwanajuma


Songea,
21 Novemba 1975

Dada,

Shikamoo. Habari ni kwamba mkuu mpya wa shule ametangazwa jana, ni yule mwingine. Sawa tu.

Ndani ya bahasha hii utaona barua niliyomwandikia Mzee Ngollo, kwenye karatasi ya shule, na sahihi yangu, na muhuri. Nimeeleza yote. Mpe kabla ya kesi, posta ikiwahi. Nimeituma kwa haraka.

Nisamehe kwa uzito wangu.

Yahaya


Tumaini,
7 Desemba 1975

Mdogo wangu Yahaya,

Assalaam alaykum. Mvua imenyesha siku tatu, paa langu halivuji. Mama amekuja na treni ya Jumanne kunitazama, amelala hapa kitandani kwangu, anakoroma kama mtu asiye na deni kwa Mungu. Mimi naandika kando yake.

Bahasha yako imefika juzi, tarehe tano. Kesi ilikuwa tarehe ishirini na mbili.

Nikusimulie, maana nimezoea kukusimulia hata unaponiudhi. Nilikwenda na bakuli tatu, kisu, na vitunguu vinne kwenye upande wa khanga. Watu wamejaa chini ya paa la ghala. Damas amekaa kwenye kiti, sisi wengine chini. Mzee Ngollo akaniona nakata kitunguu, akasema, "Bi Mwanajuma, umeitwa hapa kwa hujuma, si kwa mapishi."

Nikamwambia, "Baba mwenyekiti, nipe muda wa kukata, kisha unihukumu."

Bakuli la kwanza nikaacha kitunguu kitupu. La pili nikatia chumvi ya jikoni. La tatu nikatia ile chumvichumvi yenyewe, kutoka kwenye gunia la kijiji, nikaomba Damas aichote kwa mkono wake wasije wakasema nimeiloga. Akachota kwa ncha ya vidole, kama anashika panya. Tukangoja. Nikawaeleza habari ya utando na wale wapagazi wa babu, vichwa nje, nyayo ndani, na maji yanavyopita na chumvi inavyosimamishwa. Wazee waliocheka ni wale ambao babu zao nao walibeba mizigo hiyo. Walielewa upesi kuliko wanafunzi wako. Kisha nikayazungusha mabakuli. La kwanza kavu. La pili na la tatu yana maji chini, vitunguu vimelala.

Mama mmoja nyuma akasema, "Sasa hilo nani asiyelijua? Hata binti yangu wa miaka saba anajua kitunguu kikitiwa chumvi kinatoa maji."

"Bwana shamba hajui," nikamjibu.

Damas akasimama. "Mwenyekiti, hii si sayansi. Hii ni kachumbari!"

"Ndiyo, baba," nikasema, "na miche ya kijiji imefanywa kachumbari."

Walicheka mpaka Mzee Ngollo akapiga fimbo chini. Lakini yeye si mjinga, Yahaya. Akauliza lile lile uliloniuliza wewe. "Haya, uchawi umekwisha. Mbolea imezidi. Nani aliizidisha?"

Na jibu nilikuwa nalo tangu siku ile ya kachumbari. Apolinaria alipoliona bakuli alikaa chini akaniambia kila kitu huku anajifuta machozi kwa khanga. Mwezi wa Ramadhani, kila Jumatatu na Alhamisi jioni, alipokuja kumwagilia hakuniona na keni yangu. Akadhani saumu imenishinda, na ninaona haya kusema. Akanifanyia kazi yangu. Alitia chumvichumvi kwa niaba yangu, kimya kimya, kamati isijue kwamba nimeiacha. Na mimi nilikuwa nimekwisha kutia alfajiri, kimya kimya vilevile. Kila mmoja alinyamaza kwa wema wake, na kati ya wema wawili miche ikafa kiu. Miche ilipoanza kulala alishuku, akaogopa, akajificha. Nilimwita wa msimu, nami nikamwomba Mungu msamaha.

Kwa hiyo nilimjibu mwenyekiti, "Mimi nilizidisha. Kwa kusahau."

Sijamaliza kusema, sauti ikatoka upande wa wanawake. "Muongo! Anasema uongo, mwenyekiti. Ni mimi." Apolinaria amesimama, kilemba kimemwangukia shingoni.

"Kaa chini wewe," nikamwambia.

"Sikai! Nimekukalia kimya mwezi mzima, inatosha."

Mzee Ngollo akatutazama mmoja mmoja. Akasema miaka yote ameamua kesi za watu wanaokana, hajaona watu wawili wanaogombea kosa. Apolinaria akaeleza jioni zake, mimi nikaeleza alfajiri zangu. Kisha mzee akamgeukia Damas. "Bwana shamba, ulimwambia nani atie mbolea?"

"Niliwaambia wote."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi au jioni, ndivyo kitabu kinavyosema."

"Basi wamekutii," akasema Mzee Ngollo. "Mmoja asubuhi, mmoja jioni. Kaa."

Hujuma imefutwa. Vitalu nimerudishiwa, mimi na Apolinaria pamoja. Miche mipya ni mifupi kama ndevu za kijana na itachelewa kuhamishwa, tutapata nusu ya tumbaku ya mwaka jana, na hilo kosa ni letu, tutalibeba. Kwenye mlango wa ghala sasa imebandikwa karatasi: siku, saa, jina la aliyetia. Nimeichora mimi. Damas anapita na baiskeli anaisoma bila kushuka. Na wale wanawake waliokuwa wakinipisha njia kisimani hakuna hata mmoja aliyeniomba radhi. Wananiuliza tu eti utando wa mtu nao hukauka akila chumvi nyingi. Nawajibu ndiyo, na ulimi pia.

Sasa muhuri wako. Ni mzuri, mwekundu, umekaa sawa katikati. Nimetazama tarehe. Barua umeiandika siku moja baada ya kunyimwa ukuu wa shule. Ulipokuwa na cha kupoteza, dada yako alikuwa na ulimi wa kutosha. Ulipobaki huna, ndipo ukanikumbuka. Sikutukani. Nakuambia tu kwamba nimeona, usije ukadhani sikuona. Yule Apolinaria, asiyejua utando wala seli, alikuwa na nyumba na mume na watoto wa kupoteza, na alisimama.

Aliikuta barua yako mezani akaniuliza, "Huu muhuri ni wa nini?" Nikamwambia ni wa ndugu yangu, hufika baadaye.

Mama naye aliniuliza jana usiku, kabla hajalala. "Yahaya alikuandikia kabla ya kesi, au baada?" Nikamwambia kabla, mama, mapema kabisa, ndiyo iliyoniokoa. Akasema alhamdulillah, nilijua, akageukia ukutani. Safari hii wala si Ramadhani, lakini uongo ni ule ule, na nimekubebea tena. Mzigo huu sitaufikisha Ujiji. Shule zikifungwa panda treni, shuka Usoke, uje umwambie ukweli kwa mdomo wako, angali na jicho moja la kukuona.

Dada yako anayekuombea, hata leo,
Mwanajuma binti Mabruki